Sufuria Mbili, Jiko Moja

Katika nyumba ile kulikuwa na jiko moja na sufuria mbili. Ile kubwa ilikuwa ya mama mkwe. Humo alipika chakula chake na cha mwanawe: nyama, maharage, mboga za sokoni, chochote kilichopatikana siku hiyo. Ile ndogo, yenye mfuniko uliopinda, ilikuwa ya Fundi. Humo alipika mboga alizonunua kwa mjane mmoja, Mama Mboji, akazipakua peke yake, akazila peke yake kwenye kiti cha cherehani, sahani ameiegesha juu ya tumbo ambalo lilikuwa limeshakua kiasi cha kuwa meza.

Kila mtu alimwita Fundi, hata wale waliojua jina lake. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Nyumba nyingi za mtaa ule zilijisitiri kwa kazi ya mikono yake, na jioni akipita njiani aliziona taa zikiwaka nyuma ya vitambaa alivyovikata mwenyewe, akasikia watu wakicheka humo ndani, sahani zikigongana, mtoto akikemewa. Kisha huingia kwake. Mapazia ya kwake yalikuwa mazuri kuliko yote, na kimya cha kwake kilikuwa kizito kuliko chote.

Mimba ilikuwa ya miezi sita. Ya kwanza haikufika huko. Ilitoka mwaka juzi ikiwa na miezi mitano, na tangu Fundi aliporudi kutoka hospitali hakuna aliyelitaja jambo lile. Majirani walimpa pole ya haraka haraka, wakahamia kwenye habari za mvua. Mumewe alimpokea mfuko mlangoni, akamtandikia kitanda, akasema, "Pumzika." Basi. Neno "mtoto" likahama nyumba ile kama mpangaji aliyeondoka bila kuaga.

Na mume huyo hakuwa mtu wa kimya zamani. Alikuwa na duka la pembejeo: mbegu, mbolea, mabomba ya kupulizia, na chupa za dawa za wadudu zilizopangwa rafu hadi rafu. Wakulima walimwita Mtaalamu. Mtu huja na jani lililojikunja ndani ya mfuko, Mtaalamu huligeuza, akachungulia upande wa chini, akamtajia mdudu wake kama anayemtaja jirani mkorofi. Alimjua Fundi kupitia pazia la duka lile. Alilirudisha mara ya kwanza akisema ni fupi, mara ya pili akisema ni refu, mara ya tatu akasema rangi inamchanganya, mpaka Fundi akaweka mkasi chini na kumwuliza, "Kaka, tatizo ni pazia au ni mimi?" Akajibu, "Pazia halina kosa lolote." Mwaka huohuo wakaoana.

Mimba hii ya pili ilipojulikana, Fundi alianza kuogopa chakula.

Hofu ile ilikuwa na chanzo. Siku moja alimsindikiza mumewe shambani kwa mteja. Wakati Mtaalamu akimwelekeza mwenye shamba, Fundi alimwona mwanamke akichuma nyanya kwenye tuta ambalo majani yake yalikuwa bado yanachuruzika dawa. Alichuma, akafuta kwa kanga, akapanga kwenye tenga la sokoni. Nyanya zilikuwa nyekundu, zinang'aa, hazina hata doa. Tangu siku hiyo kila nyanya iliyong'aa ilimrudisha kwenye lile tuta.

Ndipo akamtafuta Mama Mboji, yule mjane aliyelima bustani ndogo nyuma ya shule kwa samadi na mboji tupu, bila tone la dawa. Mboga zake zilikuwa fupi, zimekunjamana, zimejaa matundu.

"Hayo matundu ndiyo cheti changu," Mama Mboji alimwambia. "Mdudu akisusa kula, mwanangu, na wewe jiulize."

Siku zilezile alizoanza kununua mboga za matundu, mumewe alihamishia godoro sebuleni. Alisema mgongo unamsumbua. Na akaanza kuchelewa kurudi, na akirudi ananukia sabuni, nywele mbichi, shati safi ambalo Fundi hakulifua yeye. Mwanamume akitoka kazini hunukia jasho. Anayetoka kazini ananukia sabuni ameogea kwa nani? Fundi hakuuliza. Alilala akimsikiliza anavyojigeuza kule sebuleni, ukuta mmoja katikati yao, akawaza kwamba kumkosa mtu aliye safarini ni nafuu kuliko kumkosa mtu unayemsikia akikohoa.

Kisha mama mkwe akaja kusaidia.

"Mimi nimezaa saba," alisema siku ya kwanza, akiinua mfuniko uliopinda na kuchungulia. "Sikuchagua jani. Nilikula kilichokuwepo, na wote hawa hapa, wazima. Leo mjukuu wangu analishwa makombo ya viwavi!"

"Mama, ni mboga nzuri tu. Hazijapuliziwa dawa."

"Na hizo dawa anauza nani?"

Fundi aliurudisha mfuniko juu ya sufuria. Swali lile ndilo alilokuwa akilikwepa tangu mwanzo.

Siku ya ugomvi ilipofika, haikupiga hodi. Ilikuwa mchana wa Jumapili, na Mtaalamu alikuwa mezani. Fundi alipakua chakula chake, akaonja, akasita. Akaonja tena. Mchuzi ulikuwa na utamu ambao bustani ya Mama Mboji haikuwa nao msimu ule, maana nyanya zake zote zilikuwa zimeliwa na wadudu.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Nyanya mbili tu, mwanangu. Chakula kilikuwa cheupe kama cha mgonjwa."

"Nyanya za wapi?"

"Za sokoni! Kwani nyanya zinatoka mbinguni?"

Fundi aliinuka, akaenda jikoni, akaimwaga sahani yote kwenye ndoo ya taka. Alirudi mezani. "Nilikuomba, mama. Kitu kimoja tu nilikuomba. Usiguse sufuria yangu."

"Mtu anamwaga chakula mbele yangu!" Mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Baba, unaona? Unaona ninavyofanyiwa?"

Mtaalamu aliweka kijiko chini. Hakupandisha sauti. "Umemwaga chakula kwa sababu ya nyanya mbili?"

"Sili sumu."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Lilianguka mezani, likakaa pale kama kitu kilichovunjika.

"Sumu gani?" mumewe aliuliza.

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

"Hiyo unayouza."

Mtaalamu alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi Fundi aliyaona macho yake yote mawili, bila pazia.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema taratibu. "Ndicho unachosema. Mimi ndiye niliyemuua."

"Sikusema hivyo."

"Unakisema kila siku. Kila ukiweka ile sufuria motoni unakisema."

Akaingia sebuleni, akatoka na begi. Alisema ana safari ya mashambani, wateja wanamsubiri. Siku ya Jumapili! Fundi alitaka kumshika mkono, lakini mkono wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye kitasa.

*

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mume alipiga simu mara chache, na kila mara maongezi yalikuwa yaleyale.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama?"

"Yupo."

"Haya."

Wanawake wawili waliobaki walipishana jikoni kama watu wanaopishana kwenye daraja jembamba. Mama mkwe hakuigusa tena ile sufuria ndogo, hata kuisogeza. Fundi alishona. Mteja mmoja alikuwa amemwagiza mapazia ya chumba cha mtoto, ya njano, yenye pindo la maua, na alipokuwa akiyapiga pasi mtoto wake mwenyewe alimpiga teke. Akageuza kichwa haraka amwambie mtu. Cherehani ikamtazama.

Bustani ya Mama Mboji nayo ilikuwa imechoka. "Vumilia, mwanangu," mjane alimwambia, akimfungia fungu dogo la majani. "Viwavi mwaka huu wameoana na kuzaana. Wamenibakishia haya." Fundi aliyapokea, akayapika, akala kidogo alichopata. Vingine vyote vilimtia shaka. Mboga ya sokoni iliyong'aa aliiogopa kwa kung'aa kwake, isiyong'aa akaiogopa kwa kuwa hakujua ilikotoka. Jioni nyingine alikula wali mtupu, akajiambia ameshiba.

Kliniki alikwenda peke yake. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake waliosindikizwa na waume, na wengine na dada zao. Yeye alikuwa amekaa na mkoba wake. Mkunga, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimpima tumbo, akapima tena, akamwambia apande kwenye mizani. Akavaa miwani.

"Uzito wako haujaongezeka. Umepungua. Na mtoto ni mdogo kuliko ninavyotaka. Unakula nini, mama?"

Fundi akamweleza yote: tuta la nyanya, mboga za matundu, ile mimba ya kwanza. "Nataka kujua kitu kimoja. Ilikuwa chakula? Ndicho kilichomtoa yule wa kwanza?"

Mkunga alivua miwani. "Nikikuambia ndiyo, nitakuwa mwongo. Nikikuambia najua siyo, pia nitakuwa mwongo. Nimekaa na wanawake wengi kwenye kiti hicho, na mimba nyingi zinatoka bila kutuachia sababu. Hilo ndilo gumu kuliko yote, najua. Mtu bora apate wa kumlaumu, hata kama ni yeye mwenyewe."

"Kwa hiyo nimekosea kuchagua?"

"Kuchagua si kosa. Ukiipata mboga isiyo na dawa, kula, tena kula kwa furaha. Ukikosa, chukua ya sokoni, ioshe kwa maji yanayotiririka, inayomenyeka uimenye, upike. Sahani tupu haina dawa, kweli, lakini haina chakula pia." Akamshika goti. "Mwenzio yuko wapi?"

"Safarini."

"Akirudi, mje wote."

Fundi alirudi nyumbani na maneno yale moyoni, hana wa kumwambia. Alimkuta mteja wa mapazia ya njano anamsubiri uani. Yule mama alipokea mzigo wake, akausifu, kisha akasema, kwa wepesi wa mtu asiyejua anachokirusha: "Na mumeo nimempita dukani kwake sasa hivi. Biashara inaendelea vizuri, eh?"

"Dukani?"

"Ndiyo. Mlango wazi, mwenyewe ndani."

Kwa hiyo amerudi. Amerudi, na hakuja nyumbani.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Fundi alihisi kikimla. Alijifunga mtandio. Mama mkwe alikuwa kizingitini, ameshayasikia yote.

"Unakwenda?"

"Nakwenda, mama. Kama kuna mwanamke, nimwone kwa macho yangu."

Mama mkwe alitazama chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Mwanangu halali," alisema. "Kabla hajaondoka, nikiamka kuswali namkuta amekaa, anatazama mikono yake. Nilidhani wewe unajua kwa nini." Akamsogezea mlango. "Nenda. Na ukimkuta huyo mwanamke, niitie na mimi."

*

Jua lilikuwa bado halijashuka. Duka lilikuwa wazi lakini halikuwa na mtu. Harufu ya dawa, kali, kama ya salfa na mafuta ya taa, ilimpokea mlangoni. Kutoka uani alisikia maji yakimwagika. Alipita katikati ya rafu, tumbo mbele, akausukuma mlango wa nyuma.

Hakukuwa na mwanamke. Mumewe alikuwa amechutama mbele ya beseni, kifua wazi, akijisugua mikono kwa brashi ya kufulia. Alikuwa akisugua kama anayekoboa. Ngozi kutoka viganjani hadi kwenye viwiko ilikuwa imebabuka, penginepo imepasuka. Kwenye kamba ovaroli ilikuwa ikichuruzika, na kando yake shati safi.

"Mume wangu!"

Aliruka kama mwizi. Kisha akainua ile mikono, povu likimtiririka. "Usinisogelee! Rudi nyuma, tafadhali. Nimerudi sasa hivi kutoka mashambani, bado sijaoga."

Fundi alisimama palepale.

"Unafanya nini?"

"Ninasafisha."

"Kila siku?"

"Kila siku." Alitafuta pa kutazama, akakosa. "Wewe ndiye uliyekuwa ukizifua ovaroli zangu. Mimba ile ya kwanza. Kwa mikono yako, umezikumbatia na tumbo lako. Nami nikitoka shambani nakuja kukushika vilevile, sijanawa. Kila chupa humo ndani ina maandishi ya onyo kuhusu wajawazito. Nimeyasoma maisha yangu yote kama mtu anavyosoma jina la mtaa. Siku ile pale hospitali ndipo nilipoyaelewa."

"Na godoro? Mgongo?"

"Mgongo hauna kitu." Alicheka bila furaha. "Niliogopa hata nikioga dawa haitoki yote. Usiku ukijigeuza nasikia. Natamani nije. Nasema, kaa huko huko, usimletee."

Fundi alitafuta mahali, akakuta kreti la miche, akakaa. Miezi yote ile alikuwa amejilaza upande mmoja wa ukuta akiamini kwamba upande wa pili kuna mtu aliyemchoka.

"Nilidhani una mwanamke," alisema.

"Mwanamke!" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Na mikono hii?"

Kicheko kilimtoka Fundi bila ruhusa, kikageuka njiani, kikawa kilio. Mumewe alipiga hatua, akasita, akatazama mikono yake, akabaki amesimama hapo kama mti.

"Sasa mbona hukula pamoja nami?" Fundi aliuliza akijifuta machozi. "Kama na wewe ulikuwa na hofu, mbona uliniacha na ile sufuria peke yangu?"

"Ningekula cha sufuria yako ningekuwa nimekiri. Mbele ya mama, mbele ya wakulima wote. Nisiponyamaza, nauza nini kesho?" Akatikisa kichwa. "Wewe ulikuwa unatazama mboga. Mimi natazama nguo. Na hakuna aliyemwambia mwenzake."

Ndipo Fundi akamweleza ya kliniki. Kwamba hakuna anayejua. Kwamba mkunga mwenye miwani yake na miaka yake yote hajui, na pengine haitajulikana. Alimwona mumewe akilisikiliza jambo lile kwa mwili mzima, kama mshtakiwa aliyeambiwa kwamba hakimu ameahirisha kesi milele: si kuachiwa, si kufungwa. Na alipofika kwenye mizani, kwamba mtoto ni mdogo, Mtaalamu alilivuta shati kambani, likiwa bado bichi, akaanza kulivaa.

"Umekula nini leo?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na wali."

"Ee Mungu. Twende. Kuna wakulima ninaowajua mimi, wale wanaongoja dawa iishe ndipo wavune, na wale ambao hawanunui dawa kabisa, wananipita mlangoni wananicheka. Nitakutafutia. Nitaosha mwenyewe, nitapika mwenyewe. Mama aseme atakalosema."

"Mama amenipa ruhusa ya kukukamata."

Alitabasamu kidogo, kisha lile tabasamu likaisha. Duka lilikuwa bado pale nyuma yao, na chupa zake rafu hadi rafu, na kesho wakulima wangekuja na majani yao yaliyojikunja. Hakuahidi kulifunga, naye Fundi hakumwomba. Hilo lilikuwa la siku nyingine, na huenda lingekuwa na ugomvi wake.

Lakini Fundi hakuinuka kwenye kreti. Kulikuwa na kitu alichokibeba tangu mwaka juzi, kizito kuliko tumbo, na alijua wakitoka uani mle bila kukitua, watarudi kwenye kimya chao.

"Pale hospitali," alisema. "Mimi nilikuwa nimelazwa usingizi. Nilipoamka walikuwa wameshamchukua. Wewe ulimwona?"

Mumewe aliacha vifungo nusu. "Nilimwona."

"Walikupa umbebe?"

"Kidogo." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Walimfunga kwenye kitambaa. Nilikaa naye mpaka waliponiambia basi."

"Alikuwa nani?"

Hakuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Hukuambiwa?"

"Niliogopa kuuliza. Nikangoja uniambie wewe. Nikangoja, nikangoja."

"Na mimi nilidhani hutaki kusikia. Nilidhani nikimtaja nitakuua na wewe."

Upepo ulitikisa ovaroli kambani. Fundi alishika kingo za kreti kwa mikono miwili.

"Msichana," mumewe alisema. "Alikuwa msichana. Alikuwa na vidole virefu hivi, vyako kabisa. Nilivitazama, nikasema, huyu angekuwa fundi."

Fundi aliyafumba macho. Msichana. Alilirudia neno lile ndani kwa ndani, polepole, mpaka likapata mahali pa kukaa. Alilia, na safari hii hakuulilia ukuta. Mumewe aliiosha mikono yake tena kwa maji matupu, akaikausha, akaja akapiga magoti mbele ya kreti, na akaiweka ile mikono iliyobabuka juu ya magoti ya mkewe, kwa woga, kama mtu anayeomba ruhusa.

Fundi alimwacha aiweke. Kisha akaifunika kwa yake.

"Niambie yote," alisema. "Alivyokuwa, ulivyomshika, ulichomwambia. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Naye akaanza.